"Mila Zetu Haziruhusu": Dhana Potofu Kuhusu Ardhi ya Kijiji Tanzania

Anayefanya kazi ya msaada wa kisheria vijijini huisikia hadi inachosha: "Binti harithi shamba, ndiyo mila yetu." Husemwa na kaka wa marehemu, husemwa na mwenyekiti wa kijiji, na inauma zaidi inaposemwa na mjane mwenyewe, ambaye ameshafungasha vyombo arudi kwao.

Mila ipi? Tanzania ina makabila zaidi ya 120, nayo hayarithishani kwa njia moja. Kihamba cha Mchaga, yaani shamba la ukoo, hupitia kwa baba, na kibanja cha ukoo cha Mhaya vilevile. Lakini panda milima ya Uluguru: kwa Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito kuliko la baba. Kusini, Wamakonde, Wamwera na Wayao nao wamehesabu ukoo kwa mama vizazi na vizazi. Anayetamka "mila za Kiafrika" anazungumzia mila ya kwao tu.

Halafu mila ina mpaka wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20(2), inasema kanuni yoyote ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua shauri lililotoka Muleba: mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume.

Wapo wanaokimbilia Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963. Ni kweli lipo, na kanuni yake ya 20 humruhusu mwanamke kutumia shamba la ukoo bila kuliuza. Lisomeni lote basi. Linahusu jamii zinazofuata upande wa baba, na kanuni hiyohiyo inasema ukoo usipokuwa na mwanamume, mwanamke analimiliki kabisa. Zaidi ya hayo, ni sheria ndogo. Ikigongana na Sheria ya Bunge, ya Bunge ndiyo inayosimama.

Mashamba mengi hayapotei kwa mila, yanapotea kwenye mirathi. Ukoo unakaa, unampendekeza kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi, na kesho yake anaanza kukodisha shamba. Ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi ni mahakama. Naye msimamizi si mmiliki. Katika Mahakama ya Mwanzo maombi huanza kwa Fomu Na. 1, kisha hutolewa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hapo ndipo mjane na mabinti wanapaswa kuwapo, na ndipo wengi wanapokosekana kwa sababu wameambiwa "mambo ya mahakama mwachie shemeji". Baada ya kuteuliwa, msimamizi ana miezi minne kuwasilisha Fomu Na. 5, inayoorodhesha mali na madeni, na baada yake Na. 6, ya hesabu za mirathi, kwa vipindi mahakama itakavyopanga. Akikaa kimya, mrithi yeyote aombe mahakama imwite, na ikibidi uteuzi wake utenguliwe. Tena, mjane aliyelima na kuliendeleza shamba lililoandikwa jina la mumewe peke yake ana masilahi yake humo kwa kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999. Sehemu hiyo si ya kugawiwa na shemeji.

"Huyu si kabila letu, hawezi kupata ardhi hapa." Hakuna fomu inayouliza kabila. Mgeni asiye mkazi huhitaji wakazi watano wenye kaya wa kumdhamini, wasiwe ndugu zake, wasiwe wanaomtegemea, wala wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Halmashauri inatakiwa kujibu ombi ndani ya siku 90.

"Mwenyekiti ameshaniuzia." Mwenyekiti hana ardhi ya kijiji ya kuuza. Halmashauri haigawi hata kipande bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba muhtasari wa mkutano huo kabla ya kutoa shilingi.

"Shamba hili lilikuwa la babu kabla ya Operesheni Vijiji", yaani kabla ya watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. Inawezekana kabisa. Ila kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na madai ya waliotangulia yakafutika.

"Hati ya kimila ni ya wakulima tu." Hiyo ni hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, na si kweli kwamba ni ya wakulima tu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wanaoishi kwa kuwinda na kuokota matunda, walipewa ya pamoja. Kwa hadhi hati hiyo si pungufu ya hatimiliki ya serikali, na inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka, wakati ile ya serikali hupewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Ushauri ambao hatutauchoka: mke na mume waandikwe wote wawili siku ya uhakiki wa mipaka, wangali hai na wanapatana. Hati isainiwe na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kila mmiliki atie saini au dole gumba chini ya kila ukurasa, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya asaini, agonge muhuri na kuisajili. Ikiwa imeishia kijijini bila muhuri huo, irudisheni ikakamilishwe.