Nyumba Iliyochorwa Kwenda Juu: Brunswick Square, Hove

Ukisimama Brunswick Square, mjini Hove, pwani ya kusini ya Uingereza, utaapa kwamba nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya kuchonga. Wapi! Nguzo na kuta za mbele zilizovimba tumbo la duara ni lipu iliyopakwa rangi. Nyuma ya lipu, majengo mengi ya Hove na jirani yake Brighton yana ukuta ambao wenyeji huuita bungarushi: chokaa, mchanga, kokoto, gumegume na vipande vya matofali, vilivyomwagwa katikati ya mbao na kuachwa vishikane. Mafundi wa huko hutania kwamba ukiuelekeza vizuri mpira wa maji, nusu ya mji itaanguka.

Utani huo una ukweli. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena hewa ikikauka. Fundi akiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani. Lipu huanza kubanduka kwa mabamba, na mbao zilizojengewa ukutani huoza kimyakimya. Waliokarabati nyumba za mawe ya matumbawe Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huu. Ndiyo maana mteja akiniuliza nyumba ya namna hii itatoa vyumba vingapi, mimi kwanza humuuliza maji yanapita wapi.

Brunswick Square ilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1820 kwa michoro ya Charles Augustin Busby. Mtindo wake huitwa Regency. Kisiasa, jina hilo ni la miaka ya 1811 hadi 1820, mwanamfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Sisi wa majengo huivuta hadi miaka ya 1830, maana mtindo haukufa siku ile mwanamfalme alipokuwa mfalme.

Sasa tuingie ndani. Nyumba hizi ni nyembamba, zimebanana ukuta kwa ukuta, na maisha yote yalipangwa kwenda juu. Chini kabisa, nusu ardhini, kulikuwa na jiko na watumishi; makaa ya mawe yaliwekwa kwenye stoo za matao chini ya njia ya waendao kwa miguu, yakimwagwa kupitia tundu la barabarani. Juu yake chumba cha kulia. Ghorofa ya kwanza ndiyo iliyobeba fahari: sebule mbili zinazoungana milango mipana ikifunguliwa, dari ndefu, na madirisha yanayoshuka hadi karibu na sakafu kuelekea roshani. Kisha vyumba vya kulala, na darini watumishi tena. Tazama tu madirisha yanavyopungua kimo kadiri unavyopanda, utajua nani alilala wapi.

Anayegeuza nyumba hiyo kuwa fleti huikata kwa upana, na hapo ndipo balaa huanza. Sebule ya mbele inawekewa kiambaza ili kupata chumba cha kulala, na kiambaza hicho kinapasua pambo la dari katikati. Bafu linahamia mahali pasipowahi kuwa na bomba, kwa hiyo boriti za sakafu zinatobolewa. Sauti za jirani wa juu zinashuka zote, kwa sababu sakafu ile ilitenganisha watu wa familia moja. Na ngazi! Katika nyumba nyingi za aina hii kila kidato cha jiwe kimechomekwa ukutani upande mmoja tu na kuegemea kilicho chini yake. Inapendeza macho, lakini kanuni za moto zinapodai ngazi izungushiwe kuta na milango mizito, mwanga uliokuwa ukishuka kutoka kioo cha paa unapotea.

Nyumba Namba 13 ya Brunswick Square iliwahi kugawanywa hivyo. Tangu miaka ya 1980 inarudishwa taratibu kuwa nyumba ya makumbusho, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi mapya yanayoiumiza kidogo zaidi: sebule inabaki sebule. Bahati nyingine ipo Namba 10, ambako makazi ya watumishi ya chini yamebaki kwa kiasi kikubwa yalivyokuwa, pamoja na jiko na stoo ya mvinyo. Wenye fedha walibadilisha vya juu. Chini hapakuwa na wa kumfurahisha.

Yote haya yangeweza kuwa kifusi. Mwaka 1945 kulikuwa na mpango wa kuibomoa Brunswick Square, na chama cha Regency Society kikaundwa kuupinga.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la lifti. Usiiweke katika uwazi wa ngazi, hata kama vipimo vinaruhusu. Tafuta upande wa nyuma, kwenye vyumba vidogo vilivyobebana ghorofa kwa ghorofa, na upitishe mabomba na nyaya humohumo. Utapoteza vyumba hivyo, na mwenye nyumba atalalamika. Mwache alalamike.