Mlonge, mwarobaini, pilipili: tunayoambiana kuhusu kuku wa mayai

Jamani wafugaji wenzangu, vitu vya asili mimi navipenda na navitumia, ila kuna maneno tunapokezana huku mitaani yanatumalizia kuku.

La kwanza hili la mwarobaini kwenye maji kila siku eti mayai yanapanda. Hapana kabisa! Mimi mwenyewe nilitwanga majani nikaweka kwenye ndoo mpaka maji yakawa kijani, kuku anachovya mdomo, anatikisa kichwa, anaondoka, na siku chache tu trei zikaanza kupungua. Yai karibu robo tatu yake ni maji, sasa kuku asiyekunywa atatagaje? Akila gramu 120 za chakula anataka kama robo lita ya maji, na jua likiwaka anataka zaidi ya hapo, halafu wewe umemwekea uchungu.

Mlonge nao eti unatosha, chakula cha dukani cha nini. Mlonge mzuri kweli, una protini na kiini kinakolea njano, lakini ukizidi asilimia 10 ya chakula utagaji unaanza kushuka, kwa hiyo changanya kidogo tu, usiuweke badala ya chakula.

Mayai ya ganda laini watu wanakimbilia kitunguu saumu. Ganda lile karibu lote ni chokaa, kila moja linabeba kama gramu 2 za kalsiamu na kuku analijenga kwa masaa kama 20, mengi yake usiku wakati hali chochote. Yaani ukiliminya yai likabonyea kama kipira, wape jioni chokaa ya mifugo ya punje kubwa au maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa, zile punje zinakaa kwenye firigisi zinayeyuka taratibu mpaka asubuhi.

Pilipili eti inamchoma kuku ndo anataga. Kuku hasikii ule ukali, anameza kama mtama tu. Pilipili nyekundu inaongeza rangi ya kiini, basi.

Na hili naomba mnisikie, shubiri haitibu kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Kile ni kirusi, hakina dawa, kinafagia banda zima. Chanjo ya tone la jicho inarudiwa kila miezi 3, shubiri yako wape ukipenda, ila tone kwanza.