Je, wajua kompyuta hujuaje umezungusha kitufe?

Kuna kichezeo cha kuchorea chenye vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja huvuta mstari kulia na kushoto, kingine juu na chini. Kilibuniwa na Mfaransa André Cassagnes, kikaingia sokoni Marekani mwaka 1960 kwa jina Etch A Sketch. Kukiunda upya kwa kompyuta hakuhitaji mengi: potensiomita mbili (vitufe vya umeme vya kuzungusha), Arduino Uno, yaani bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma vitufe hivyo na kuitumia kompyuta namba, na programu fupi ya kuchora nukta kwenye skrini.

Lakini bodi hujuaje kitufe kimefika wapi? Wengi hujibu kwamba inapima ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huzuia umeme usipite. Jibu hilo lina mvuto, maana potensiomita ni kinzani kinachobadilika, na mgongoni imeandikwa kipimo cha ukinzani wake, kiloomu 10. Basi ing'oe, uweke ya kiloomu 50. Kama bodi ingekuwa inapima ukinzani, namba inazotoa zingebadilika mara tano. Wapi! Bado zinaanzia 0 na kuishia 1023.

Kinachopimwa ni volti. Ncha moja ya potensiomita imeungwa kwenye volti 5, nyingine kwenye volti sifuri, na mguu wa kati huteleza juu ya utepe ulio baina yake. Mguu ukifika katikati hutoa nusu ya volti hizo 5, utepe uwe na ukinzani mkubwa au mdogo. (Potensiomita za sauti za redio mara nyingi hazifuati usawa huo, na mchoro wake hubanana upande mmoja.) Hata umeme wa USB ukishuka kidogo, namba hazitetereki, kwa kuwa kwa kawaida Uno hulinganisha kila kitu na volti hizohizo zilizoshuka.

Na upimaji wenyewe? Fikiria mizani ambayo mzigo wake ni volti ya mguu wa kati, yenye mawe kumi, kila jiwe nusu ya uzito wa lililotangulia: 512, 256, 128, hadi 1. Weka kubwa kwanza. Likizidi mzigo, liondoe, lisipozidi, liache. Kisha linalofuata, vivyo hivyo. Baada ya mawe kumi unajumlisha yaliyobaki, nayo ndiyo namba inayotumwa kwa kompyuta. Jiwe dogo kabisa ni kama milivolti 4.9.

Kioja ni kwamba chipu ya Uno ina mizani moja tu kwa vitufe vyote viwili, na huvipima kwa zamu. Kabla ya kupima, volti huhifadhiwa kwenye kapasita ndogo sana ndani ya chipu. Potensiomita ikiwa ya ukinzani mkubwa mno, tuseme megaomu 1, kapasita haiwahi kujaa upya na hubaki na mabaki ya kitufe kilichotangulia. Hapo unazungusha kitufe cha kulia na kushoto peke yake, na mstari unapinda kidogo kuelekea juu, ingawa kitufe cha pili hakijaguswa. Za kiloomu 10 hazina shida hiyo. Kama unazo za megaomu 1 tu, soma kila kitufe mara mbili na uitupe namba ya kwanza.