Sabuni ya mapambo ni ya kuogea

Wateja wanaosimama mbele ya meza yangu hapa Unguja, mkononi wameshika kipande chenye umbo la kombe au mawimbi ya rangi tatu, huniuliza swali moja: "Fundi, hii ni ya kuogea au ya kuweka?" Ya kuogea. Imetokana na mafuta na kostiki soda, alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kama sabuni nyingine yoyote. Ukiionea huruma ukaiweka sebuleni mwaka mzima, utabaki na kitu kilichopauka kisichonukia, maana harufu inaruka hata kama sabuni haijaguswa na maji. Ndimu na machungwa ndiyo hutangulia kuondoka, karafuu huchelewa. Rangi nayo ina adui wake. Iliyotiwa manjano ya jikoni, ukiiweka karibu na dirisha, hufifia upande ule unaopigwa na jua.

Kabla ya kuitunza, jua ni ya aina gani, kwa sababu ziko mbili na matunzo yake yanapingana. Ya kwanza tunaichanganya wenyewe tangu mwanzo. Mafuta yanakutana na maji ya kostiki, yanageuka sabuni na glisirini, uji wake unamiminwa kwenye kalibu, ukishaganda tunaukata vipande. Kisha tunaviacha vikomae wiki 4 hadi 6 ili maji yapungue na sabuni ikaze. Hii haipenyezi mwanga, na inataka hewa. Ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki inabaki na unyevu na kulainika. Iviringe kwenye karatasi au kitambaa cha pamba, uilaze katikati ya khanga zako, nazo zitanukia. Ila usiigusishe moja kwa moja na kanzu nyeupe. Sabuni ya siku nyingi, hasa iliyotiwa alizeti kwa wingi, huweza kuota madoa ya rangi ya chungwa, na hayo ni mafuta yaliyochacha.

Ya pili ni ile inayopenyeza mwanga, unaona ua au kombe dogo limenasa ndani. Fundi hununua sabuni iliyokwisha tengenezwa, akaiyeyusha, akatia rangi na harufu, akaimimina upya. Ina glisirini nyingi, na glisirini huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana wakati wa masika, kuanzia Tanga hadi Mombasa, utaikuta imejaa matone kama mtungi wa maji baridi. Haijaharibika. Ifute kwa kitambaa kikavu, uivike plastiki ya kubana, na uiache humo mpaka siku ya kuitumia. Usiisahau kwenye gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa iliyeyushwa ikatengenezwa na itayeyuka tena.

Sasa twende bafuni. Kinachoimaliza sabuni mapema ni kulala ndani ya maji, kuliko hata kuogewa. Kisahani kizuri cha udongo kisicho na matundu ni kaburi lake. Tafuta chenye matundu au vijiti vya mbao, ukiweke mbali na mkondo wa bomba, na sabuni ipate kukauka kati ya mwogaji mmoja na mwingine. Kipande kikubwa kikate kwa kisu cha jikoni, nusu itumike na nusu ingoje. Najua inauma kukata ua. Lakini petali nyembamba ndizo zinazoyeyuka kwanza, na baada ya kuogea mara chache umbo lenyewe litakuwa limekwenda.

Vilivyobandikwa juu ya sabuni, kama karafuu nzima, vijiti vya mdalasini, buni na maua makavu, ving'oe kabla ya kuoga. Vimewekwa kwa ajili ya macho. Karafuu inakwaruza ngozi, maua yanaziba shimo la maji. Waridi na asumini zinazochanganywa ndani ya uji wa sabuni hugeuka kahawia kwa ukali wa kostiki, kwa hiyo ukiona petali jekundu limebaki jekundu, ujue limebandikwa mwishoni au sabuni ni ile ya kuyeyusha. Vanila nayo huipa sabuni rangi ya kahawia, na hilo si kasoro.

Karafuu nitaisema zaidi, maana ndiyo watalii na wenyeji wanayoniagiza kuliko zote. Mafuta yake yana eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, ambayo hufanya uji wa sabuni uanze kuganda mikononi mwa fundi. Mawimbi ya rangi yanahitaji uji mwepesi na muda wa kuchezea. Basi ukionyeshwa sabuni yenye mawimbi membamba kama nywele na ukaambiwa ni ya karafuu tupu, inuse vizuri. Ama karafuu ni ya kudokoa, ama fundi huyo ni hodari kuliko mimi. Na mafuta hayo yakizidi, ngozi inawasha. Kali si lazima iwe bora.

Sabuni za mwani pia zina wateja wengi. Huku Unguja mwani unalimwa kibiashara tangu mwaka 1989, na akina mama wa Paje na Jambiani wamefanya vizuri kuugeuza bidhaa badala ya kuuza mkavu tu. Unga wake unasugua ngozi kwa upole. Lakini anayekuambia sabuni ya mwani inaondoa makunyanzi, mwache. Sabuni inakaa mwilini muda mfupi kisha inasuuzwa.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi au chokaa, na humo sabuni nzuri ya mzeituni hukataa kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye ndoo. Nunua iliyojaa nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Upande wa pili, nazi tupu hukausha ngozi. Kwa hiyo tunapima kostiki pungufu kidogo, kiasi cha asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni. Hata hivyo sabuni hubaki na ualkali wake, kwa hiyo mwari aliyesingwa asipakwe sabuni juu ya singo na liwa, yale manukato ya kusingia mwili. Aoge kwanza, ndipo asingwe.

Zile zenye umbo la keki, aiskrimu na matunda ziwekwe juu. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba embe hilo haliliwi.

Mwisho vinabaki vipande vidogo visivyoshikika. Vitie kwenye neti ya vitunguu saumu ufunge fundo, uisugue na dodoki, povu litatoka zaidi kuliko la kipande kizima. Bafuni kwangu mimi hutumia hivyo tu. Vizima nauza.