Mzazi Akiugua Akili: Amri ya Mahakama Inakupa Nini, na Haikupi Nini

Familia nyingi zinazofika kwenye dawati la msaada wa kisheria hapa Nakuru haziletwi na ugonjwa wenyewe. Huletwa na benki. Mama amesahau namba ya siri, sahihi yake haifanani tena na ile ya zamani, karani kamuuliza maswali mawili matatu akaona hajui hata yuko wapi, na tangu siku hiyo akaunti haiguswi. Pensheni inaingia kila mwezi na hakuna wa kuitoa. Ndipo mtoto mmoja anaambiwa, "Nenda kortini ulete barua ya ulezi."

Barua ya namna hiyo haipo. Chifu hana uwezo wa kuitoa, na wakili hawezi kuiandika akaipiga muhuri ikawa sheria. Kinachotambuliwa ni amri ya Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Mahakama inaweza kufanya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Inaweza kumteua mlezi wa kisheria, anayeangalia maisha ya mgonjwa: matibabu, makazi, nani anamhudumia. Inaweza pia kumteua msimamizi wa mali, anayeshika pesa, shamba na madeni. Mtu mmoja anaweza kupewa yote mawili, au ndugu wakagawana.

Wapo wagonjwa wanaojimudu vizuri nyumbani. Wanapika, wanaenda kanisani, wanawatambua wajukuu, ila hesabu za pesa zimewashinda. Huyo anahitaji msimamizi wa mali tu. Ushauri wangu ni huu: omba kile tu ambacho ugonjwa umemnyang'anya mzazi. Maombi mengi ninayoyasoma yanaomba kila kitu, kana kwamba mwenyewe ameshazikwa.

Na pengine hata korti huihitaji. Kumpeleka mzazi hospitalini hakungoji amri ya jaji. Pesa za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinaweza kupokelewa na mtu wa familia aliyesajiliwa kwa niaba ya mzee. Kama shida ni kesi moja, tuseme baba ameshtakiwa kwa mpaka wa shamba na hawezi kujitetea, kanuni za kesi za madai zinaruhusu mtu ateuliwe asimame badala yake katika kesi hiyo peke yake. Yanayowaleta watu mbele ya jaji hasa ni akaunti ya benki na ardhi yenye hati miliki.

Hapo ndipo madalali wa ardhi nao hujitokeza na ushauri wao: msainishe mzee hati ya uwakilishi, ile inayompa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, mambo yaishe. Hati hiyo inasimama juu ya akili ya aliyeitoa. Akipoteza uwezo wa kuelewa anachofanya, nguvu ya hati inakoma, hata kama ilitiwa sahihi zamani akiwa mzima. Na kumshika bibi kidole gumba ukakichovya kwenye wino wakati hajui karatasi inasema nini ni kujitafutia kesi ya jinai.

Ukiamua kwenda kortini, anza na daktari kabla ya wakili. Jaji anataka ripoti ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili, iwe ameiandikia Nakuru au kule Kisumu, katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo watu huiita Russia. Kadi ya kliniki au karatasi yenye mstari mmoja, "anaendelea na matibabu," haimsaidii jaji. Ripoti nzuri inaeleza ugonjwa ni upi, ulianza lini, mgonjwa anaweza kufanya nini na hawezi nini, na kama kuna matarajio ya nafuu. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ukifika mbali, unaweza kuingia hapa, lakini uzee wenyewe si ugonjwa wa akili. Mzee mkaidi anayekataa kugawa shamba hana ugonjwa wowote.

Kwenye hati yako ya kiapo, eleza uhusiano wenu na uambatishe vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Orodhesha mali yote na madeni yote. Lugha nayo uichunge. Nimesoma viapo vinavyomwita mzazi "mwehu," ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu, wa akili ukiwemo, haki ya kutotajwa kwa namna ya kumdhalilisha. Mara nyingi jaji atataka kumwona mgonjwa mwenyewe na kumuuliza maswali, kwa hiyo usimwache nyumbani ukidhani atakuaibisha.

Tukifika kwa ndugu, ndipo maombi mengi hukwama. Chukua mfano wa mama mwenye shamba Njoro na vyumba vya kupangisha Rhonda. Kitinda mimba ndiye anayeishi naye, anayemwogesha na kuamka naye usiku. Kaka mkubwa yuko Nairobi, hutuma pesa anapokumbuka. Kitinda mimba akiwasilisha ombi kimyakimya, kaka atasikia kwa watu na kuona ananyang'anywa urithi. Atapinga, na kesi ambayo ingekwisha mapema itageuka vita vya miaka. Ita kikao kabla ya kuwasilisha lolote. Kila ndugu mtu mzima atie sahihi kwamba anakubali, na mume au mke wa mgonjwa, kama yupo, asirukwe. Asiyekubali atajwe wazi mbele ya jaji. Kumficha ndiko kunakoharibu ombi. Ndugu wasipoaminiana, ombeni wawili wateuliwe pamoja, mmoja anayekaa na mzazi na mmoja wa upande wa pili. Pasipo jamaa yeyote anayefaa, mahakama inaweza kumkabidhi kazi hiyo Mdhamini wa Umma, afisa wa serikali anayesimamia mali kwa niaba ya wengine.

Kaka wa Nairobi angetulia angejua jinsi amri hiyo ilivyofungwa kamba. Msimamizi wa mali hawezi kuuza shamba, kulitoa zawadi wala kuliweka rehani bila ruhusa maalum ya mahakama. Hawezi kulikodisha kwa zaidi ya miaka 5 bila ruhusa hiyo. Haruhusiwi kuingiza pesa za mgonjwa katika biashara ambayo yeye mwenyewe ana hisa. Ndani ya miezi 6 baada ya kuteuliwa lazima apeleke kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kila mwaka. Weka risiti: dawa, dayapa, mshahara wa msaidizi wa nyumbani. Ndugu akishuku hesabu, anaweza kurudi kortini, na msimamizi mwizi huondolewa. Mgonjwa akipata nafuu pia, amri inaweza kuombewa kufutwa.

Kama ugonjwa ndio kwanza umeanza, mna nafasi ambayo wengine wameikosa. Marekebisho ya 2022 yanamruhusu mtu mwenye ugonjwa wa akili kumteua mwenyewe msaidizi wa kufanya naye maamuzi. Afanye hivyo sasa, kwa maandishi, angali anaelewa. Wosia pia uandikwe wakati huu, kwa sababu Sheria ya Urithi inataka anayeuandika awe na akili timamu, na barua ya daktari ya wiki hiyohiyo itazima maneno mengi baadaye.

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili waulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Wanawake wa Kisumu na vitongoji vyake wanaweza pia kwenda FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, wana ofisi mjini humo.

Jambo moja huwashangaza hata wasimamizi waaminifu. Mzazi akifariki, amri inakufa naye siku hiyo. Usitoe pesa benki kesho yake, hata kama ni za jeneza, wala usipokee kodi ya vyumba kana kwamba wewe bado ni msimamizi. Mali sasa ni ya marehemu, na kuigusa bila kibali ni kosa chini ya Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Funga hesabu zako, uziwasilishe, kisha familia ianze upya na kesi ya mirathi, ambako aliyekuwa mlezi anasimama foleni moja na ndugu zake.