Pwani ya Nice na bara lake: panga safari kwa njia, usipange kwa majina ya miji

Weka kiganja chako mezani, vidole umevitanua. Kifundo cha mkono ndipo ulipo mji wa Nice, kusini-mashariki mwa Ufaransa, pale mto Var unapoingia Mediterania. Vidole ni mabonde yanayomwaga maji kwenye mto huo: Vésubie, Tinée, Cians, na Var yenyewe. Ncha za vidole ni milima ya Alpi. Sasa jaribu kutoka ncha ya kidole cha shahada kwenda ncha ya kidole cha kati. Barabara za kukatiza juu zipo, lakini ni kona tupu, na msafiri wa basi mara nyingi hana budi kuteremka hadi kiganjani kisha apande upya.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za upande huo, zaidi familia za Dar, Tanga na Mombasa, na ndugu zetu waishio Uingereza. Karibu kila mpango mbovu ninaoletewa umevunjika hapo hapo kwenye vidole. Mtu ametazama ramani, akaona vijiji viwili vimekaribiana kama Kariakoo na Magomeni, akavipanga siku moja. Kumbe kati yake kuna mlima.

Mwaka juzi mama mmoja wa Tanga alinitumia orodha yake: Marseille, Cannes, Nice, Monaco, Genoa, Florence, Roma. Siku nane, yeye na binti zake wawili. Nilimpigia simu nikamwambia, "Mama, hii si likizo, hii ni zamu ya utingo." Akacheka, kisha akauliza swali la maana: kipi akiache? Jibu langu halikumfurahisha siku ile. Nilimwambia aache kuhamahama. Alale Nice usiku wote saba, ya pwani ayafuate kwa treni, na siku tatu apande bara.

Sababu ni reli. Kuna njia moja ya treni inayobandikana na bahari, kutoka Cannes kupita Antibes, Nice, Villefranche-sur-Mer, Monaco na Menton hadi Ventimiglia, ng'ambo ya mpaka wa Italia. Kutoka Nice hadi Monaco hufiki nusu saa. Hadi Menton ni kama dakika arobaini. Treni za mkoa hizi hazihitaji kuwekewa nafasi mapema: unanunua tiketi, unapanda, na ukipenda mji unabaki, usipoupenda unasubiri inayofuata. Mtu anayehama hoteli kila siku mbili anapoteza asubuhi nzima akifunga masanduku na jioni nzima akitafuta mlango wa nyumba aliyokodi. Kutoka uwanja wa ndege wa Nice kuna tramu hadi katikati ya mji na bandarini, kwa hiyo hata teksi si lazima.

Ukienda Ventimiglia kwa soko la Ijumaa, chukua pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inakuruhusu kuvuka, lakini tangu 2015 polisi wa Ufaransa hukagua treni zinazorudi kutoka Italia, na kituo cha Menton-Garavan ndipo wanapoingia. Nasema wazi kwa sababu wasomaji wangu wengi ni weusi kama mimi: utaombwa karatasi wakati jirani yako wa kiti hajaguswa. Ukiwa nayo, inaisha kwa dakika moja.

Sasa bahari, maana hapa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hupotoshwa na mazoea. Kwetu mtu hupanga siku kwa maji: bamvua linakuja, maji yanatoka hadi mwambani, watoto wanaokota kombe. Zanzibar maji hupanda na kushuka mita tatu, hata nne. Nice hayaendi popote. Tofauti ya kujaa na kupwa ni chini ya nusu mita, na mgeni hataiona. Usiulize maji yanajaa saa ngapi. Uliza kina. Ufuo wa Nice ni wa kokoto, mawe laini ya kijivu makubwa kama yai, na hatua chache tu kutoka ukingoni chini kunateremka ghafla. Mtoto aliyezoea kutembea mita mia moja Paje huku maji yakimfika magotini atashtukia hana pa kukanyaga. Wenye watoto wadogo nawapeleka Villefranche au Antibes, kwenye mchanga na maji ya taratibu. Na mnunulie kila mtu viatu vya mpira vya kuogelea. Kokoto zile pekupeku ni adhabu. Halafu baridi: Agosti maji hufika nyuzi 24 au 25, ambayo kwetu ni maji ya msimu wa kipupwe. Juni yatakukata pumzi.

Kuhusu majira, mimi huuza Juni na Septemba. Julai na Agosti Ufaransa nzima iko likizo, joto ni kali na bei zimepanda. Mei ina mtego wake, kwa kuwa tamasha la filamu la Cannes kwa kawaida huangukia mwezi huo, na mbio za magari za Monaco hufanyika karibu na hapo. Chumba cha kawaida hugeuka cha kifalme kwa bei tu. Kuanzia Oktoba naogopa mvua. Mediterania ikiwa bado na joto la kiangazi, mawingu yakagonga milima ile iliyo karibu, maji huteremka kwa kishindo. Tarehe 3 Oktoba 2015 mafuriko yaliua watu Cannes na Antibes, na tarehe 2 Oktoba 2020 dhoruba iliyoitwa Alex ilizoa nyumba, madaraja na barabara katika mabonde ya Vésubie na Roya. Februari ni jambo jingine: kanivali ya Nice na sherehe ya malimau ya Menton, ambapo hujengwa sanamu kubwa kwa malimau na machungwa. Beba koti, maana ni baridi ya kuishinda Lushoto. Kihistoria hata hivyo msimu ulikuwa huo wa baridi. Matajiri wa Kiingereza walikuja kukimbia theluji yao, ndiyo maana barabara ya ufukweni inaitwa Promenade des Anglais, njia ya Waingereza, na kiangazi mji ulikuwa umelala. UNESCO iliiandika Nice kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021 kwa sifa hiyo hiyo ya mji wa mapumziko ya baridi.

Tuingie bara, ambako ndiko ninakotaka ufike.

Siku ya kwanza ya bara ni Grasse, mji wa manukato. Treni kutoka Nice hupitia Cannes na huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Kituo kiko chini na mji mkongwe uko juu, kwa hiyo panda basi la mji badala ya kujikongoja na jua. Zamani Grasse ilikuwa ya watengeneza ngozi. Glovu za ngozi zilinuka, wakazitia manukato ili mabwana wazivae, na miaka ilivyokwenda ngozi ikafa, manukato yakabaki. Waridi huchumwa Mei, asumini kuanzia Agosti, alfajiri kabla jua halijala harufu. Lakini kinachonisimamisha mimi mle kwenye makumbusho ya manukato ni mlangilangi. Mafuta ya mlangilangi yanayoingia kwenye manukato ya Kifaransa yametoka kwa sehemu kubwa Komoro, kwa majirani zetu, ambako maua huchumwa na kuvukizwa kwenye mapipa na vyungu vya shaba. Binti mkubwa wa yule mama wa Tanga alipewa kijikaratasi chenye tone moja anuse. Akafumba macho, akasema, "Mama, hiki si kikuba cha bibi?" Mtu aliyelala karibu na kikuba cha asumini na mlangilangi hana haja ya maelezo ya mtembeza wageni.

Siku ya pili ni treni ndogo ya milimani, ambayo wenyewe huiita Train des Pignes. Reli yake ni nyembamba, ya mita moja, urefu wake kilomita 151 kutoka Nice hadi Digne-les-Bains, na ilikamilika 1911. Angalia sana: haiondokei kituo kikuu. Ina kituo chake, mwendo wa kama dakika kumi kaskazini, na nimeshawapoteza wateja wawili waliokaa kwenye kituo kikuu wakitazama ubao ambao jina la treni yao halingetokea kamwe. Usiende hadi Digne kama una siku moja. Shuka Entrevaux, baada ya saa moja na nusu hivi. Unashuka, mto Var uko mbele yako na maji yake ya kijivu, na ng'ambo kuna mji mdogo umebanwa kati ya mto na jabali, unaingiwa kwa daraja na lango lenye minara miwili. Juu ya jabali kuna ngome, na njia ya kuiendea imejengwa kwa ukuta unaopinda kushoto, kulia, kushoto, kama nyoka aliyebandikwa mlimani, na kwenye njia hiyo kuna malango, moja baada ya jingine. Ni kazi ya Vauban, mhandisi wa vita wa mfalme Louis wa 14. Kwa nini ngome kubwa hivyo kwenye kijiji? Kwa sababu mpaka ulikuwa hapo. Nice haikuwa ya Ufaransa. Ilitwaliwa moja kwa moja mwaka 1860 tu, kutoka kwa ufalme wa Sardinia. Ukishajua hilo, majina ya Kiitaliano na rangi za nyumba za Nice zinaanza kueleweka.

Siku ya tatu, Saint-Paul-de-Vence na Vence, kwa basi. Saint-Paul imejaa watalii, sikufichi. Nenda asubuhi mapema, uzuru makaburi alikozikwa mchoraji Chagall, kisha makumbusho ya sanaa ya Maeght yaliyofunguliwa 1964, halafu ukapumulie Vence, ambako mchoraji Matisse akiwa mzee na mgonjwa alipamba kanisa dogo lililokamilika 1951. Kuta nyeupe, vioo vya kijani, buluu na njano, basi.

Watu wananiuliza kuhusu korongo la Verdon, lenye kina kinachofika mita 700. Ni kweli linatisha kwa uzuri, lakini linataka gari, na sisi tuliojifunza kuendesha upande wa kushoto hatufai kuanza mazoezi ya kulia kwenye ukingo wa korongo. Ukiwa na dereva aliyezoea, lala Moustiers-Sainte-Marie, uende taratibu. La sivyo liache.

Sasa ratiba za mabasi, na hapa nakiri kosa langu. Mara yangu ya kwanza nilipanda kijiji kimoja juu ya Nice, mwezi wa Julai. Kituoni kulikuwa na karatasi nyuma ya kioo kilichochujuka: basi la mwisho 17:40, yaani saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Nilifika dakika kumi kabla, nikakaa ukutani. Ikapita saa kumi na mbili. Ndipo nilipoona kando ya ile 17:40 herufi ndogo kama mbegu ya ufuta, na chini ya karatasi maelezo yake: hupita siku za shule tu. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilishuka kwa miguu hadi nilipopata lifti ya gari la mboga. Tangu siku hiyo ratiba ya Ufaransa naisoma kuanzia chini, herufi kwanza, saa baadaye.

Chakula: jiko la kijijini hufungwa saa nane mchana, na hakuna kubembeleza. Nice kwenyewe tafuta socca. Ni unga wa aina ya dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, umemiminwa kwenye sinia kubwa la shaba na kuokwa kwenye tanuri la kuni hadi kingo ziungue kidogo. Muuzaji huikwangua vipande vipande, anapakua kwenye karatasi, wewe unanyunyiza pilipili manga na kula kwa vidole. Haina nyama wala shaka, Mwislamu na asiyekula nyama wote wametulia. Kwa wanaoswali: mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu na robo usiku, na isha inakaribia saa tano. Usiweke matembezi ya alfajiri kesho yake.

Viza huombwa kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Zikiwa sawa, ile utakayoingia kwanza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ifikie yuro 30,000, na mlango wa maombi hufunguka miezi sita kabla ya safari. Nenda mapema, miadi huisha. Monaco haina viza yake, hiyo ya Ufaransa inatosha. Na hapa ndipo mpango wa kulala sehemu moja unapolipa tena: afisa anayeona hoteli moja, usiku saba na treni za kwenda na kurudi ana machache ya kuhoji kuliko anayeona miji saba na nchi mbili.

Mama wa Tanga hatimaye aliiacha Roma, na Marseille pia, ingawa ilimuuma, kwa kuwa ana wakwe Wakomoro huko. Ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa treni kutoka Nice, na mji ule wenye jumuiya kubwa ya Wakomoro unastahili safari yake. Siku ya Jumanne niliiacha tupu kwenye karatasi yake, maana makumbusho ya Matisse na ya Chagall hufungwa siku hiyo. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia akae kwenye viti vya buluu vya ufukweni. Alinitumia picha: viatu vya mpira, karatasi ya socca magotini, na binti zake nyuma yake wakigombea taulo.