Kopachi, kijiji kilichofukiwa

Wanafunzi ninaowafundisha kinga dhidi ya mionzi huniuliza swali lilelile kila tukifika Chernobyl: kwa nini Kopachi kilifukiwa badala ya kusafishwa?

Kijiji hicho kilikuwa kilomita chache kusini mwa mtambo wa umeme wa nyuklia wa Chernobyl, kaskazini mwa Ukraine, kando ya barabara iendayo Pripyat. Kilikuwa na wakazi 1,100 hivi. Kinu namba 4 kililipuka usiku wa Aprili 26, 1986. Mji wa Pripyat ulihamishwa kesho yake. Wanakijiji wakangoja hadi mwanzoni mwa Mei, vumbi likiwatulia mapaani na mashambani. Siku hizo za kungoja huniuma hadi leo.

Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Zege ukiliosha, sehemu kubwa ya vumbi lenye mionzi huondoka, lakini mbao hulinywa vumbi hilo pamoja na maji. Basi tingatinga zikabomoa nyumba, zikazisukumia mashimoni na kuzifukia. Juu ya kila kichuguu kikasimikwa kibao cha alama ya mionzi.

Vumbi likaacha kupeperuka, kweli. Ila mashimo hayakutandikwa kitu cha kuzuia maji, na udongo wa huko ni wa kichanga, maji hayako mbali chini. Kati ya vitu vyenye mionzi vilivyotoka kinuni, strontiamu-90 husafiri na maji kwa wepesi kuliko sesiamu-137, na ikimwingia mtu, mwili huidhania kalsiamu na kuiweka mifupani. Naamini kufukia vile lilikuwa kosa: hatari ilisogezwa karibu na maji. Tena kuna waliopoteza zaidi ya afya. Katika vijiji vingine vya ukanda ule, kama Kupovate, wazee walirudi majumbani mwao. Wa Kopachi hawakuwa na nyumba ya kurudia.

Jengo la chekechea lilinusurika kwa kuwa ni la matofali. Wageni hupiga picha vitanda vya chuma na wanasesere, ambao baadhi yao wamepangwa na wapiga picha wenyewe. Mimi ningewaomba watazame ardhi ya nje, karibu na miti, ambako kipimo cha mionzi hupanda ghafla ukisogea hatua chache tu.

Sesiamu na strontiamu hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Lakini plutoniamu-241, nayo iliyotoka kinuni, inapovunjika huzaa amerisiamu-241, kitu kingine chenye mionzi, na hiyo bado inaongezeka. Ndiyo maana eneo la kilomita 10 kuzunguka mtambo, Kopachi kikiwemo, halina mpango wa kurudishiwa makazi.